Gunia Lisilopimwa

Wewe umemwona. Usiniambie hukumwona. Wiki hii hii, pale kwenye ghala unalopita kila siku, palikuwa na mtu ameinama hadi macho yake yanatazama vidole vya miguu yake mwenyewe, na mgongoni amebeba gunia lililoshonewa kichwani nusu ya gunia jingine. Ukahamia upande wa pili wa barabara. Ukatoa simu, ukajifanya kuna mtu amekutumia ujumbe. Pengine ulitamka "pole" kimoyomoyo, ukaona umetimiza wajibu. Basi kaa, usikie yaliyompata Tusekile Mwambene katika Nchi ya Makadirio, na safari hii usigeuze shingo.

Namna alivyofika huko haina uzito. Kuingia Makadirio ni rahisi. Shida iko kwenye kutoka. Kilichompeleka ni barua ya mdogo wake Anyitike, aliyekwenda kubeba chumvi huko miaka kumi na moja iliyopita. Ilikuwa na mistari miwili tu: "Dada, nimefika tisa. Jumamosi wakiniandika kumi hutaniona tena."

Tusekile hakuelewa tisa ya nini, ila mwandiko aliuelewa. Ulikuwa umelala chali kama mtu aliyeanguka. Akafunga safari siku ileile. Alikuwa amefanya kazi ya kupima mizani kwenye chama cha ushirika kwa miaka ishirini na sita, kahawa na viazi, na alipostaafu aliondoka na vitu viwili: mizani yake ya ndoano, yenye uso wa duara na mshale, na bega la kulia lililokuwa likimchoma kila akiinua mkono.

Langoni alikuta bango lenye maandishi makubwa. Mgeni anaruhusiwa siku saba. Mgeni atakayetaja namba ya maumivu yake, kwa kukusudia au kwa kuteleza, atahesabiwa kuwa mshiriki wa Utafiti, na mshiriki haondoki mpaka Utafiti uishe. Alikuwa hajamaliza kusoma, askari akamuuliza kwa sauti ya upole:

"Ngapi?"

Bega lilikuwa linamwaka. Neno lilifika kwenye meno. Akalimeza.

"Mgeni," akasema.

"Vizuri. Wengi huteleza hapahapa." Askari akafungua mfuko wa Tusekile, akatoa mizani. "Na hiki kinapima nini?"

"Vitu."

"Vitu gani?"

"Chochote kinachoning'inia. Gunia, debe, mbuzi."

Askari akaigeuzageuza, akawaonyesha wenzake. Walikuwa na vipimo chungu nzima pale mezani: karatasi za maswali, saa za kufungwa mkononi, vifaa vya kuhesabu hatua. Kitu cha kupima kitu hawakuwahi kukiona. "Vitu haviumwi," akasema, akamrudishia. "Pita, mama."

Alimkuta Anyitike kwenye safu ya vyumba vya wabeba chumvi, amekaa juu ya ubao anaouita kitanda. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mbili, na alipojaribu kusimama kumlaki alianza kwa magoti, kisha viganja ukutani, kisha akaishia nusu, akabaki hapo.

"Dada. Usiniulize habari," akasema. "Huku ukimuuliza mtu habari anakuambia namba. Utaambukizwa."

"Wewe kula kwanza. Nimekuletea ndizi zetu."

"Ukizibeba tena hivyo kwa mkono wa kulia watakuona. Nimeona unavyokunja uso."

"Mimi sina kitu."

"Hivyo ndivyo nilivyosema na mimi, mwezi wa kwanza."

Akamweleza kwa kunong'ona, maana kuta za pale ni mbao nyembamba. Miaka kumi na tisa iliyopita, wabeba chumvi wanane walianguka katika wiki moja kwenye mteremko mmoja. Wenzao waliandika malalamiko kwa Baraza la Maumivu. Yalikuwa ya sentensi moja: Gunia ni zito. Baraza likakaa siku tisa, likajibu kwa maandishi mazuri sana: uzito ni hisia, na hisia hupimwa kwa mwenye nazo. Ndipo Utafiti ulipoanza. Tangu siku ile kila mbebaji huulizwa asubuhi namba ya maumivu yake, sifuri mpaka kumi, na namba hiyo ndiyo salamu, ndiyo kitambulisho.

"Na ukinyamaza?"

"Kimya ni kumi."

"Ukiwatukana?"

"Matusi ni saba. Iko kwenye kanuni. Ukilia ni nane. 'Afadhali ya jana' ni nne." Anyitike akajaribu kucheka, ubavu ukamkatalia. "Kuna jamaa aliwahi kusema mia. Wakamwambia, namba isiyo kwenye ngazi haiandikiki, na isiyoandikika humtoa mtu daftarini, akawa huru kuondoka. Lakini ushahidi uko wapi? Hakuwa nao. Wakamwandikia kumi kwa kosa la kutia chumvi."

"Na kumi ni nini?"

Anyitike alitazama mlango. Kumi, akasema, ni kukamilika. Aliyekamilika huchukuliwa Nyumba ya Waliokamilika, hulazwa chali, na karani huketi kando yake kuendelea kumuuliza. Ndugu hawaruhusiwi kuingia, kwa sababu ndugu akija jibu hubadilika. Katika miaka yote kumi na moja hakuwahi kumwona mtu akitoka humo kwa miguu yake.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Tusekile akahesabu kwa vidole: siku tano.

Alikaa pale akiona mambo ya nchi ile, na kila alichokiona kilimpunguzia usingizi. Usingizi wenyewe ulikuwa na afisa wake. Jina lake Bwana Dodoso, mtu wa makamo mwenye heshima zote, macho yamevimba, begani kaning'iniza mkoba mkubwa wa karatasi uliomvuta upande mmoja. Kazi yake ilikuwa kupita safu nzima kila baada ya saa mbili tangu jua kuzama, kumwamsha kila mbebaji na kumuuliza kama amelala vizuri.

"Nilikuwa nimelala," Anyitike humjibu.

"Vizuri au kiasi?"

"Mpaka ulipokuja, vizuri."

"Sehemu ya 'mpaka' haina nafasi yake hapa, ndugu yangu. Nitaandika kiasi." Na asubuhi taarifa hubandikwa ukutani: wabebaji wengi wana usingizi wa mang'amung'amu, chanzo bado kinachunguzwa.

Kisha mazoezi. Baraza liligundua kwamba mwili usiotembea hupata maumivu, jambo ambalo hata Tusekile hakulipinga. Alijua makarani wa ushirika walioharibika viuno kwa kukaa. Lakini Makadirio walikuwa na sheria kwamba kazi si mazoezi. Mbebaji aliyeshuka na kupanda mteremko tangu alfajiri na gunia mgongoni huhesabiwa hajajongea hata hatua moja. Kwa hiyo saa kumi jioni, baada ya kutua mzigo wa mwisho, wote hupelekwa Uwanja wa Hatua kuzunguka mara arobaini, na aliyeketi huandikwa mzembe. Tusekile alimtazama mdogo wake akizunguka, mkono mmoja kiunoni, na karani wa hatua akimpigia makofi ya kumtia moyo. Makofi yalikuwa ya dhati kabisa. Hilo ndilo lililomtia hofu. Angeona ukatili angejua pa kuushika, lakini watu wale walikuwa na huruma iliyojaa fomu.

Alhamisi akaenda Baraza, kwa kuwa mgeni anaruhusiwa kusikiliza. Ukumbi ulikuwa na viti virefu vya kuegemea, vyenye mito, na waliokaa kulia walishikilia kwamba maumivu ndiyo huondoa usingizi, na waliokaa kushoto kwamba kukosa usingizi ndiko huleta maumivu. Mjadala ulikuwa na miaka kumi na tisa. Baadhi ya wajumbe walirithi viti kutoka kwa baba zao pamoja na hoja. Na mpaka ushindi upatikane, hakuna kitu cha kubadilishwa, kwa sababu kikibadilishwa na watu wakapona, haitajulikana kilichowaponya ni kipi.

"Itakuwa hasara kubwa kwa elimu," akasema mjumbe wa kulia.

"Katika hilo tunakubaliana," akasema wa kushoto.

Mwenyekiti, Bi Tathmini, mwanamke mwenye sauti ya mlezi, aliuliza kama kuna mgeni mwenye neno. Tusekile akasimama. Alikuwa ameapa atanyamaza, lakini miguu haikumsikiliza.

"Gunia lina kilo ngapi?"

Ukumbi ukatazamana. Mtu mmoja alikohoa kama anayeficha kicheko.

"Mama yangu," Bi Tathmini akasema taratibu, "gunia si mshiriki. Halilali, haliumwi, na halikutia saini ya ridhaa. Tutalipimaje?"

"Kwa mizani."

"Ni wazo zuri. Tutaliundia kamati, na kamati itahitaji miaka, tuseme, saba, na katika muda huo gunia lisiguswe ili tusiharibu kipimo cha mwanzo." Akainama mbele, uso umejaa wema. "Lakini naona bega la kulia umelikumbatia tangu uingie. Unateseka, mama. Ngapi?"

Wajumbe wote wakainua kalamu. Tusekile alisikia kalamu zile zikiinuka. Bega lilikuwa na jibu, tena jibu la kweli, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza katika maisha yake. Si meneja wa ushirika, si marehemu mumewe. Ndivyo wanavyokunasa kule. Wanakupa lile ulilonyimwa miaka yote, mtu wa kukuuliza, halafu mlango unafungwa.

"Mgeni," akasema.

"Sawa. Unazo siku. Na mdogo wako, naona hapa, anakamilika keshokutwa. Hongera kwa familia."

Akatoka. Njiani alikuwa akikumbuka mwaka ule serikali ilipopiga marufuku lumbesa, yale magunia ya viazi yanayoshonewa kilemba juu ili mkulima alipwe gunia moja kwa mali ya gunia moja na nusu. Wanunuzi walipiga makofi, wakasaini, na msimu uliofuata lumbesa ikarudi na jina la "gunia la kawaida". Nani aliyekumbuka? Mizani ilikumbuka. Tusekile naye alikumbuka, maana ndiye aliyekuwa akiining'iniza, na ndiye aliyeambiwa na mabwana wakubwa aandike mia pale anaposoma mia na arobaini. Na aliandika. Kwa misimu miwili aliandika. Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Ijumaa jioni, wabebaji walipotua mzigo wa mwisho na kabla ya kuitwa uwanjani, alifika ghalani na mizani yake. Akaifunga kwa kamba kwenye boriti ya mlango. "Anyitike, wewe na huyo mwenzako, niinulieni hilo."

"Dada, watatuona."

"Watuone tunafanya nini? Kuna sheria inayokataza kuning'iniza?"

Hakuna aliyejua sheria kama hiyo. Wakaliinua gunia wanne, likashika ndoano, boriti ikalia. Mshale ukapanda, ukapita hamsini, ukapita themanini, ukatulia.

"Soma wewe," akamwambia mdogo wake. "Mimi wakisema nimewadanganya, wewe umeona."

"Mia moja na kumi na nane."

Wabebaji walisogea. Mmoja wao, mwanamke mwembamba aitwaye Sekela, ambaye tangu Jumatatu Tusekile hakumsikia akitamka lolote zaidi ya "nane", akapapasa mshono wa kilemba kwa kidole. "Hii haikuwepo nilipokuja," akasema. "Tulipoanza kuzungushwa uwanjani namba zetu zilishuka kidogo, si mnakumbuka? Wakasema nguvu zimeongezeka. Ndipo wakashona kipande."

"Na mwaka ule walipotugawia mito," akasema mwingine. "Tukalala wiki moja kama watu. Kipande cha pili."

"Kwa hiyo kila tukipata nafuu..." Anyitike akasema, mkono kwenye mshono.

Tusekile akatoa kisu, akakata uzi wa kilemba. Chumvi ikamwagika miguuni. Chini ya mshono, kwenye gunia lenyewe, palikuwa na muhuri wa rangi iliyofifia, uliofunikwa miaka yote ile: UZITO HALALI KILO 50. Watu walisimama wakausoma, wengine kwa kufuatisha herufi kwa kidole. Hakuna aliyepiga kelele. Sekela aliketi chini juu ya chumvi, saa ya mazoezi, mbele ya kila mtu, akabaki ameketi.

Hapo ndipo walipomwona Bwana Dodoso amesimama nyuma yao. Hawakujua amefika lini. Mkoba wake ulimvuta begani kama kawaida.

"Hiki kinapima nini?" akauliza.

"Vitu, baba."

Dodoso akaitazama ndoano. Halafu akauvua mkoba, taratibu, akauning'iniza. Kilo thelathini na moja. Akalichua bega lake, akajiona analichua, akaacha. "Miaka kumi na tisa," akasema, bila kumwambia mtu. Kisha akauvaa tena mkoba akaenda zake, na hakuna aliyejua anakwenda kulala au kuripoti.

Usiku ule hakuna aliyekuja kuwaamsha, na kwa hofu ya jambo hilo hawakulala.

Jumamosi alfajiri wakasimama milangoni kama ilivyo desturi. Mbele ya mlango wa Anyitike palikuwa na gunia, na mizani imening'inia juu ya kizingiti. Nje ya safu gari la Nyumba ya Waliokamilika lilikuwa limeshafunguliwa mlango. Dodoso, ambaye asubuhi ndiye pia aliyeuliza namba, akaja na kalamu.

"Ngapi?"

"Mia moja na kumi na nane," akasema Anyitike.

"Ngazi inaishia kumi, ndugu yangu."

"Najua."

"Ushahidi?"

Tusekile na Sekela wakaliinua gunia pamoja na majirani wawili, na bega la Tusekile likapiga kelele ambayo yeye mwenyewe aliizuia kwa meno. Mshale ukapanda. Dodoso alisogeza uso karibu, macho yake yale yaliyovimba, akasoma, akasoma tena. Kalamu ilikaa hewani. Gari lilikuwa linangurumisha injini.

"Namba ni ya kweli," akasema hatimaye. "Na haiandikiki." Akapiga mstari juu ya jina. "Huyu hayumo."

Akahamia mlango wa pili. "Ngapi?"

"Mia moja na kumi na nane," akasema Sekela.

Nisikudanganye kwamba safu nzima ilisema hivyo. Safu ilikuwa na milango mia tatu. Arobaini na mmoja walitaja uzito wa gunia, majina yao yakapigwa mstari. Waliobaki walisema sita, walisema tano, walisema afadhali ya jana, macho chini, na wawili waliotishwa na gari lile walinyamaza, na kimya kikaandikwa kumi, wakapandishwa. Tusekile aliwaona wakipandishwa. Majina yao hakuyajua.

Langoni Bi Tathmini alikuwa amefika kuwaaga Tusekile na wale waliofutwa daftarini, na alitangaza kwa fahari kwamba kuondoka kwao ni jambo jipya litakalochunguzwa. Akamshika Tusekile mkono. "Kwa mara ya mwisho, mama. Kwa faida yako mwenyewe. Ngapi?"

"Hamsini," Tusekile akasema. "Imeandikwa kwenye magunia yenu. Kateni kilemba msome."

Anyitike alitembea hadi nyumbani kwa dada yake akiwa amepinda vilevile. Usiseme amepona, mgongo wa miaka kumi na moja haunyooki kwa kuvuka lango. Alilala siku mbili mfululizo bila mtu kumwamsha. Alipofungua macho, Tusekile alikuwa amekaa mlangoni na uji, na neno lilimfika mdomoni, lile neno la kule, akalirudisha.

"Unywe wa moto au upoe?" akamuuliza.

Mizani hakurudi nayo. Alimwachia mmoja wa wale waliosema sita.

Sasa wewe. Umesoma mpaka hapa, na ninajua unachotaka: unataka kusikitika. Usisikitike. Usimfuate yule mbebaji wa pale ghalani ukamuuliza anaumwa kiasi gani, analala vipi, anatembea hatua ngapi kwa siku. Ameulizwa. Mwenye kuulizwa sasa ni gunia. Muuza nyama wa mtaani kwako ana mizani, wakala wa mazao ana mizani, mashine ya kusaga pale kona ina mizani. Acha hiki unachosoma. Inuka, kaiazime moja, nenda kabla gari la mchana halijapakiwa, ining'inize mbele ya mwenye ghala na usome namba kwa sauti, watu wote wasikie. Kisha kata kilemba. Sasa hivi, nimesema, ghala limeshafunguliwa.